Jinsi ya Kutazama Jazz kwenye Video: Mwongozo Kamili wa Jicho na Sikio

Mtu akikuambia hapendi jazz, mara nyingi ana maana kwamba alisikiliza dakika kumi akaona ni watu wanaopiga kila mmoja lake. Simlaumu. Mimi nilianza kwa sauti tupu, na kwa mwaka mzima sikujua nani anafanya nini, wala kwa nini watazamaji wanapiga makofi katikati ya wimbo. Kilichonifungua ni video. Jazz sehemu kubwa hutungwa palepale jukwaani, na watungaji wake huambiana mambo kwa macho, kwa bega, kwa kupishana mbele ya maikrofoni. Santuri haikuonyeshi hayo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu "jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, na kule Kongo OK Jazz. Muziki wao ni mtamu, lakini sio ninaouzungumzia hapa. Nazungumzia ile ya Marekani, ya kina Louis Armstrong, Billie Holiday, Charlie Parker na John Coltrane. Watu hao wana bahati moja ambayo wazee wetu wa dansi hawakuipata: kamera za televisheni ziliwakuta wakiwa bado wana nguvu. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, na kufikia hapo bendi nyingi za zamani zilikwisha kuzimika.

Unachohitaji ni simu, bando la kawaida, hedifoni na daftari.

Hatua ya 1: Sikio kabla ya jicho

Usitazame jazz kwa spika ya simu. Spika hiyo haitoi noti nzito, na noti nzito ndizo nyumba yenyewe. Ukiikosa besi, unabaki na saksafoni inayoelea hewani, halafu unasema muziki hauna mpangilio.

Chukua hedifoni za waya, hata zile za bei ya chini. Zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo, na katika zoezi la hatua ya 3 kuchelewa huko kutakudanganya. Niliwahi kubishana na rafiki usiku kucha kwamba mpiga ngoma fulani anaigiza. Asubuhi nilichomeka waya, ikabidi niombe radhi.

Kuhusu bando, usilimalize bure. Vipindi vingi vya miaka ya 1950 vilirushwa moja kwa moja, na nakala iliyobaki ilipatikana kwa kuweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha televisheni. Picha ya namna hiyo ilikuwa na ukungu tangu siku ya kwanza. Ukiifungua kwa ubora wa juu kabisa unalipia ukungu ulio wazi zaidi. 480 inatosha.

Hatua ya 2: Tafuta kwa jina, mji na mwaka

Ukiandika "jazz" tu, utaletewa saa nane za piano ya kusindikiza kahawa na picha ya mvua dirishani. Andika jina la mwanamuziki, mji na mwaka: "Mingus Oslo 1964", "Coltrane Comblain-la-Tour 1965", "Miles Davis 1959". Au andika jina la kipindi. BBC walikuwa na Jazz 625 kati ya 1964 na 1966. San Francisco kulikuwa na Jazz Casual cha mwandishi Ralph Gleason, studio tupu, taa chache, hakuna watazamaji, na quartet (bendi ya watu wanne) ya mpiga saksafoni Coltrane ilipita humo Desemba 1963. Vituo vya Ulaya navyo ni hazina: Norway, Denmark, Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa waliwapiga picha Wamarekani weusi kwa utulivu na heshima.

Hatua ya 3: Ni kweli au ni pleibaki?

Pleibaki tunaijua kutoka majukwaa yetu: CD inaimba, msanii anatikisa midomo. Hata wakongwe wa jazz waliifanya, ila si kwa uvivu. Kunasa sauti nzuri na picha nzuri kwa pamoja kulikuwa kazi ngumu na ghali, kwa hiyo walirekodi sauti kwanza, kisha wakaigiza mbele ya kamera.

Namna ya kugundua ni hii. Mwangalie mpiga ngoma, fimbo inapogusa sahani ya shaba. Je, mlio unatoka palepale, au mkono uko chini na mlio umeshapita? Kisha waangalie wapulizaji. Mtu anayepuliza kweli huvuta pumzi kabla ya sentensi ya muziki, utaona kifua na mashavu. Anayeigiza husahau kupumua. Tafuta maikrofoni: kama hakuna hata moja kwenye picha na sauti ni safi kama ya studio, shuku. Mwisho, mwimbaji akigeuza uso pembeni na sauti yake isibadilike hata kidogo, basi.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni mpiga saksafoni Charlie Parker, kwa sababu video zake ni chache mno. Mwaka 1950 alipigwa picha pamoja na Coleman Hawkins, lakini vidole vinafuata sauti iliyorekodiwa kabla. Halafu iko ile ya tarehe 24 Februari 1952, kwenye televisheni ya DuMont, yeye na Dizzy Gillespie wakipiga "Hot House". Hiyo ndiyo pekee inayojulikana ambamo sauti na picha yake vilinaswa kwa wakati mmoja. Zitazame zikifuatana. Katika ya pili, angalia jinsi Parker asivyocheza mwili. Amesimama kama mtu aliye foleni, uso hauna habari, na vidole vinapanda hatua ndogo sana juu ya funguo, wakati kinachotoka ni mvua ya noti. Anayeigiza kwa kawaida huongeza mbwembwe.

Pleibaki si takataka, lakini. "Jammin' the Blues" ya mwaka 1944, iliyoongozwa na mpigapicha Gjon Mili, ni pleibaki mwanzo hadi mwisho, na bado sijaona picha nzuri zaidi ya kofia na moshi wa sigara wa Lester Young. Humo mna pia jambo la kuhuzunisha. Mpiga gitaa Barney Kessel alikuwa mzungu pekee kundini, na studio haikutaka aonekane waziwazi kati ya weusi. Wakamweka gizani, na mikono yake ilipovutwa karibu na kamera ikapakwa rangi ya matunda ili iwe nyeusi. Ukijua hilo, utajua kwa nini umbo lake limejificha kivulini vile.

Mtego mwingine ni picha iliyogeuzwa. Kati ya 1940 na katikati ya miaka ile kulikuwa na filamu fupi za dakika tatu zilizoitwa Soundies, zilizotazamwa baa na mikahawani kwa kutumbukiza senti 10 kwenye mashine iitwayo Panoram. Mashine ilirusha picha kupitia vioo, kwa hiyo filamu zenyewe zilichapwa kinyume ili vioo vizinyooshe. Baadhi ya nakala zilizopandishwa intaneti hazikunyooshwa. Dalili: mfuko wa kifuani wa koti umehamia kulia kwa mvaaji, tarumbeta inabonyezwa kwa mkono wa kushoto, na noti nene za piano ziko kulia kwa mpigaji. Ukikuta yote matatu, usiseme umegundua bendi ya watu wa mkono wa kushoto.

Kasi nayo huchezewa. Filamu ya picha 24 kwa sekunde ikirushwa kwa 25, kama ilivyo kawaida ya televisheni za Ulaya, muziki hukimbia kwa asilimia 4 hivi na sauti hupanda karibu nusu toni. Ukichukua gitaa kufuatisha ukaona hamlingani, usilaumu nyuzi zako haraka.

Hatua ya 4: Jifunze kuhesabu mzunguko

Usiruke hapa. Muziki unaoonekana hauna mpangilio una mpangilio mkali kuliko wimbo wa redio. Kila wimbo una mzunguko wake, yaani mfuatano wa vipimo unaorudiwa, na kila anayepiga solo anauzunguka palepale wenzake wanapouzunguka.

Anza na blues. Mapigo manne ni kipimo kimoja, vipimo 12 ni mzunguko mmoja. Gonga mguu, hesabu: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, mpaka ufike 12, urudi moja. Mara ya kwanza utapotea kwenye cha saba. Rudi nyuma, anza tena. Ukiweza mizunguko mitatu bila kupotea utaanza kuhisi kama anayepanda daladala njia ileile kila siku: hata ukifumba macho unajua kona inakuja.

Kisha nenda kwenye "So What", ile ya mpiga tarumbeta Miles Davis iliyorekodiwa kwa televisheni huko New York tarehe 2 Aprili 1959. Vipimo ni 32. Vinane, vinane tena vilevile, vinane vilivyopandishwa nusu toni, na vinane vya kurudi nyumbani. Mwanzoni besi ya Paul Chambers inasema neno, wengine wanaitikia noti mbili, mithili ya waumini na "Amina". Ukisikia Amina imepanda juu kidogo, uko kwenye kipande cha tatu. Rahisi hivyo.

Makofi ya katikati ya wimbo nayo yanaeleweka hapo: mtu amemaliza mizunguko yake na anamkabidhi mwenzake.

Hatua ya 5: Video moja, mara tatu

Kosa la wengi ni kutazama video kumi mara moja. Chagua moja uitazame mara tatu siku moja. Ninayompa kila anayeanza ni "Fine and Mellow" ya Billie Holiday, kutoka The Sound of Jazz, kipindi cha televisheni ya CBS ya Marekani cha tarehe 8 Desemba 1957 kilichorushwa moja kwa moja. Mratibu wa kipindi aliwaacha wanamuziki wavae wanavyovaa mazoezini, wengine na kofia zao, na kamera zikaruhusiwa kuzurura.

Mara ya kwanza, msikilize Billie tu. Ni blues ya vipimo 12, ya mwendo wa pole, kwa hiyo zoezi la hatua ya 4 linakufaa. Ameketi kwenye kiti kirefu katikati ya wanaume, na baada ya kuimba anawapisha.

Mara ya pili, andika zamu za wapulizaji. Utapata Ben Webster na saksafoni yake yenye pumzi nzito, Lester Young, Vic Dickenson na tromboni, Gerry Mulligan na saksafoni kubwa ya baritoni, Coleman Hawkins, kisha Roy Eldridge na tarumbeta linalopanda mpaka unaogopa litapasuka. Watatu kati yao, Webster, Young na Hawkins, wanapiga saksafoni ya aina moja, ile iitwayo tenor. Wazee wetu wa dansi waliiita saksafoni mdomo wa bata, bila kubagua. Hapa utajifunza kubagua: Webster anasema kwa kunong'ona, Hawkins anajenga ngazi, Young anaacha nafasi.

Mara ya tatu, mtazame Billie wakati haimbi. Hasa Lester anaposimama. Walikuwa marafiki wa tangu miaka ya 1930. Yeye ndiye aliyempa Billie jina la Lady Day, na Billie akamwita Prez. Kufikia jioni ile Lester alikuwa mgonjwa, na katika sehemu nyingine za kipindi Webster alishika nafasi yake. Anainuka, anapiga mzunguko mmoja tu, vipimo 12, noti chache, nyingine ndefu, hakuna hata moja ya kujionyesha. Kamera inarudi kwa Billie. Kichwa kinainama taratibu kukubali, midomo inakaribia kutabasamu, macho hayatoki kwa Lester. Hapo simamisha video. Rudisha sekunde 20. Tazama tena bila sauti, kisha kwa sauti bila picha. Utaona kwamba anatikisa kichwa pale tu Lester anapomaliza sentensi, si kabla. Anajua sentensi inaishia wapi hata kama haijawahi kupigwa.

Wote wawili walifariki mwaka 1959, Lester mwezi Machi na Billie mwezi Julai.

Angalizo la mnunuzi: santuri yenye jina la kipindi hicho ilirekodiwa studio siku chache kabla ya matangazo. Ukiisikiliza ukaona solo si zile, hujakosea.

Hatua ya 6: Mtazame asiyepiga

Kama utachukua kitu kimoja kwenye mwongozo huu, chukua hiki. Mwenye solo anajieleza mwenyewe. Siri iko kwa waliobaki.

Rudi kwa "So What" ya 1959. Miles anamaliza zamu yake, Coltrane anaanza, na Miles anasogea pembeni akiwa na sigara, kama mtu aliyetoka nje kupunga upepo. Angalia macho yake, hayako mbali. Mpiga saksafoni mwingine wa bendi, Cannonball Adderley, hayumo, alikuwa mgonjwa siku hiyo, ndiyo maana Coltrane anapata uwanja mpana.

Thelonious Monk ni somo la peke yake. Mpiga saksafoni wake Charlie Rouse anapoendelea, Monk huacha kabisa kupiga piano, anasimama, anazunguka polepole kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Wageni hudhani amechanganyikiwa. Hesabu mzunguko uone: anarudi kwenye kiti palepale anapotakiwa.

Charles Mingus, Oslo, Aprili 1964. Yeye ni mpiga besi na ndiye kiongozi, kwa hiyo bendi nzima inamtazama mtu aliye nyuma. Anaongea, anacheka, anakaripia kwa nyusi. Mbele yupo Eric Dolphy na klarineti besi. Kuna mahali Mingus anamuuliza jukwaani atabaki Ulaya kwa muda gani, na Dolphy anajibu kwa upole kwamba si sana, haitazidi mwaka. Alifariki Berlin tarehe 29 Juni mwaka uleule, akiwa na miaka 36. Kila nikifika hapo huwa naacha video iende bila kuandika chochote.

Na wapiga ngoma, jamani. Quartet ya Coltrane ilipiga Comblain-la-Tour, Ubelgiji, Agosti 1965, jukwaa la wazi, hewa ya baridi. Nilimwonyesha mjomba wangu, mpenzi wa dansi wa siku nyingi, aliyekuwa amekaa kunikubalia tu. Kamera ilipomgeukia Elvin Jones, mjomba akainuka kwenye kochi.

"Huyu anaungua?"

"Ni jasho, mjomba. Kule ni baridi."

Mvuke ulikuwa unapanda mabegani mwa Elvin kama sufuria iliyofunuliwa. Mjomba akakaa, akasema turudishe mwanzo.

Hatua ya 7: Kwa anayepiga ala

Ukiwa mpiga gitaa, nenda moja kwa moja kwa Wes Montgomery na ziara yake ya Ulaya ya mwaka 1965. Hatumii kibanzi cha kukwanyulia nyuzi, anatumia ubavu wa dole gumba. Punguza kasi ya video mpaka 0.5 utazame dole likishuka nyuzi mbili kwa pamoja, noti ileile juu na chini, wakati kidole cha kushoto kinaziba uzi ulio katikati usilie. Kwa sauti peke yake ungekaa mwezi ukitafuta.

Katika video ya Uholanzi kuna kipande cha mazoezi ambacho nakipenda kuliko tamasha lenyewe. Wes hakusoma nota. Anamfundisha mpiga piano Pim Jacobs kodi za wimbo (noti kadhaa zinazolia pamoja) kwa kumpigia na kumtajia, moja baada ya moja, na mwenzake anazifuata hapohapo. Mwanamuziki yeyote wa bendi za kwetu atalitambua darasa hilo.

Mpunguzo wa kasi usiutumie kwa kutazama kwa starehe. Chini ya 0.75 sauti inakuwa kama ya mlevi.

Hatua ya 8: Daftari, na kuhakiki majina

Wanaopandisha video huandika chochote. Kila unayoitazama iandikie mstari: nani, wapi, mwaka gani, ala gani, na wewe umeona nini dakika ya ngapi. Halafu hakiki. Je, wote wanaotajwa walikuwa hai mwaka huo? Mpiga tarumbeta Johnny Coles yumo kwenye video ya Mingus ya Oslo, lakini aliugua Paris siku chache baadaye, kwa hiyo video ya ziara ileile yenye Coles haiwezi kuwa ya mwishoni mwa ziara. Kwa njia hiyo unatambua tarehe hata pasipo maandishi. Usiandike anwani ya video peke yake, maana hufutwa. Andika jina, mji na mwaka, utaipata kwingine.

Utakutana pia na Kiswahili mahali usipotarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi ya Herbie Hancock ilijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, Buster Williams wa besi Mchezaji, Billy Hart wa ngoma Jabali, Bennie Maupin Mwile, na Julian Priester wa tromboni Pepo Mtoto. Ukikuta majina hayo kwenye maelezo ya video, ndio hao.

Mtihani wa kumalizia ni Clifford Brown, aliyefariki kwa ajali ya gari Juni 1956 akiwa na miaka 25. Video yake inayojulikana ni moja tu, ya kipindi cha mchekeshaji Soupy Sales huko Detroit. Ni dakika chache. Kagua kama ni pleibaki, hesabu mzunguko, mtazame mara tatu, jaza mstari wako. Mimi kwenye wangu, safu ya "umeona nini", niliandika neno moja: mashavu.